Nungu Tulioachwa Ligini

Jumatatu, 30 Septemba

Mimi, Merle Amdahl, ndiye niliyefunga bao la ushindi Tamarack ilipoipiga Brandt kwenye theluji, mwaka ule ambao watu bado wanausimulia. Nilikimbia uwanja mzima na mpira kwapani, ule wetu wa Kimarekani wa kushikwa mikononi, wanaume wanne wakining'inia kiunoni.

Sawa. Sikukimbia. Nilikuwa pembeni na ndoo ya maji. Sawa, na maji yenyewe yalikuwa yameganda. Na Chuo cha Tamarack sikukisoma, nilikipaka rangi paa. Lakini aliyepaka paa la nyumba nani atamwambia hapo si kwao?

Habari mbaya leo. Brandt wanaondoka! Wamechukuliwa na Ligi ya Pwani, ile ya vyuo vikubwa, yenye televisheni na makocha wenye meno meupe. Ligi yetu ya Nyanda ilikuwa na vyuo kumi. Vikatoka kimoja kimoja, kama wageni wa arusi waliosikia nyama imekwisha. Brandt wakishaondoka, tutabaki sisi na chuo kimoja cha kule jangwani. Ligi ya watu wawili! Tukishinda, mabingwa. Tukifungwa, washindi wa pili. Dakta Sorrell, mkuu wa michezo wa chuo chetu, kasema redioni kwamba huu ni wakati wa fursa. Sauti yake ilikuwa ya mwanamume aliyeachwa na mke, akabakiwa na sufuria mkononi.

Brandt! Maili kumi na moja tu kutoka hapa! Mji wenye taa moja ya barabarani, na hiyo moja mbovu! Wana nini wao? Ngano ile ile. Vumbi lile lile. Wao timu yao Nyigu, sisi Nungu. Nani mwenye miiba mingi? Hesabu mwenyewe.

Sina wivu. Nimekula chakula cha jioni vizuri tu. Nusu.

Jumanne, 1 Oktoba

Honi mlangoni kabla sijavaa soksi. Lyle Hovland. Ni shemeji yangu, kaka wa marehemu Arlene wangu, na ni mtu wa Brandt hadi kwenye mifupa. Kaja na koti jipya lenye nembo ya Ligi ya Pwani, rangi ya machungwa toka kola hadi kiunoni. Chungwa ndiyo rangi yao. Anafanana na koni ya barabarani iliyopata pensheni.

Hakushuka garini. Kateremsha kioo, akaniuliza kwa upole kama sisi tuliobaki nyuma tunahitaji blanketi. Nikamwambia chungwa linamfaa, linafichua manjano ya meno yake. Akacheka. Sipendi anavyocheka. Anacheka kama marehemu dada yake.

Kisha akanipa habari ya pili, akiangalia usukani. Mechi ya Jumamosi ya tarehe 12 ndiyo ya mwisho baina ya Tamarack na Brandt. Ratiba ya Pwani imejaa. Hakuna nafasi ya jirani.

Nimekaa kwenye ngazi za nyumba mpaka kahawa ikapoa. Mechi hii ilichezwa na babu zetu. Na ina desturi yake: kila mtu wa Tamarack ana mtu wake Brandt, na upande uliofungwa unakwenda mji wa washindi kuosha magari. Unaosha barabarani, mchana kweupe, umevaa kofia ya walioshinda, majirani wakikuelekeza ulipoacha tope. Bernadine wa mkahawa, mtu wake ni mume wake wa zamani. Anasema ndiyo siku pekee ya mwaka anayomwona akiinama.

Mtu wangu mimi ni Lyle. Mechi ikifa, nani ataosha gari la nani? Haji hapa kwa sababu nyingine yoyote, yule. Wala mimi siendi kwake. Tangu Arlene azikwe, hatujui hata namna ya kubisha hodi bila matusi.

Lakini hilo si jambo. Jambo ni lile koti.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kuna tundu! Bernadine kaniambia wakati ananimiminia kahawa (kidogo, ana mkono wa birika wenye ubahili). Ligi ya Pwani ina nafasi moja zaidi. Mjumbe wao, Bi. Pruitt, anakuja kwenye mechi ya tarehe 12 kuwatazama Brandt, wachumba wao. Dakta Sorrell kamsihi atutupie na sisi jicho, hata likiwa nusu. Tukiingia sisi pia, mechi haifi.

Njia mbili basi. Kuipandisha Tamarack au kuishusha Brandt. Nimeanza na iliyo rahisi.

Nikapata namba ya ofisi yake. Nikabana pua. Nikasema mimi ni raia mwema wa Brandt, jina nalificha kwa usalama wangu, ila dhamiri inanisuta: uwanja wa Brandt umepakana na zizi la ng'ombe elfu nne, na upepo ukigeuka watazamaji huzimia. Nikaongeza kwamba askofu mmoja hajaamka mpaka leo.

Mama yule akavuta kamasi. Nikajua nimempata! Kumbe analengwalengwa na machozi. Kasema amezaliwa kwenye ranchi, baba yake alifuga maisha yake yote, na kule pwani hajanusa ng'ombe miaka mingi. Akaomba akienda Brandt aketishwe upande wa zizi. Kisha akanishukuru sana. Akasema, “Asante sana, Bwana Amdahl.”

Simu siku hizi zinaonyesha jina la mtu. Nani kaziruhusu?

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani nimewaza vizuri, mahubiri yalikuwa marefu. Watu wa televisheni wanataka nini? Wanataka viti vilivyojaa. Uwanja wetu hujaa nusu, na hiyo nusu ni ukimhesabu kila mtu na kapu lake. Bi. Pruitt akiuona umefurika, ametuchukua! Nikapiga meza kwa furaha. Haikuwa meza, ilikuwa kitabu cha nyimbo cha jirani.

Wakati huo huo mhubiri akawaombea wawindaji wote watakaopanda mlimani Jumamosi ijayo, siku ya kwanza ya msimu wa kulungu.

Jumamosi ijayo! Tarehe 12! Mechi hii huchezwa Novemba tangu dunia iumbwe, kulungu wakiwa wameshaliwa. Mwaka huu televisheni ya Pwani wameisogeza, wao wanadhani nyama huota dukani. Hapa kwetu mwanamume anaweza kukosa arusi ya bintiye. Anaweza kukosa mazishi, mradi si yake. Siku ya kwanza ya kulungu, hapana. Mji utabaki na mimi, mhubiri, na wenye magoti mabovu.

Nilipotoka nje, Bernadine akaniambia nisijali, nungu hata akiwa peke yake ni umati. Mwanamke huyu hana huruma.

Jumatano, 9 Oktoba

Mimi ni hodari! Arlene alisema mimi ni hatari, lakini herufi zinakaribiana.

Wawindaji hawaji uwanjani? Tuwalete na kulungu wao! Nimetangaza shindano. Mwenye kulungu mwenye pembe kubwa kuliko wote, amlete nyuma ya pikapu yake hadi uwanja wa Tamarack kabla ya saa nane mchana, mechi inapoanza. Kupimwa ni wakati wa mapumziko. Zawadi ni pankeki za mwaka mzima kwa Bernadine.

Nimezunguka leo nzima. Duka la risasi, kituo cha mafuta, ghala la ngano nilikofanya kazi. Kila mwindaji nimemshika kola nikamwambia neno moja kubwa: akishapiga, asipitie nyumbani. Nawajua hawa. Mwanamume akifika nyumbani akavua buti, ameshalala. Nikawaambia njooni hivyo hivyo mlivyo, na damu zenu, na matope yenu, msibadilishe hata kofia! Wote wakakubali. Waliposikia pankeki walikubali kama wanaapa jeshini.

Jioni Bernadine kaja kwangu na mwiko. Nilikuwa nimesahau kumwuliza. Aliuliza ni nani atakayelipia unga, na kama najua mwindaji mmoja anakula pankeki ngapi. Nikamwambia amwaze mume wake wa zamani, amevaa kofia yetu, ameshika sifongo, mwaka huu na mwaka ujao na ule mwingine. Akaushusha mwiko. Akasema pankeki za mwezi mmoja, bila siagi.

Mwanamke ana bei yake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Lyle kapita na chungu cha maharage yake ya nyama na pilipili, eti ya kuaga. Nimeonja kijiko kimoja kwa adabu. Kibaya. Nikaonja vijiko vingine kuhakikisha. Chungu kimekwisha. Hayo maharage hushinda kila mwaka kwenye karamu za nyuma ya magari kabla ya mechi, na yangu hayajawahi kushinda hata pale nilipokuwa mwamuzi.

Kanieleza watakavyofungiwa skrini kubwa kama ghala. Kanieleza kwamba timu yao itasafiri kwa ndege. Ndege! Lyle mwenyewe akipanda ngazi anafumba macho. Nikamwuliza kwa ujanja wanakuja watu wangapi kesho. Akajikuna. Akasema wachache, pengine basi moja, maana Brandt nako wote wanapanda mlimani. Basi moja la Nyigu, na uwanja mzima wa kwetu! Nikageukia sinki nisionekane ninavyotabasamu.

Mlangoni alisimama. Akauliza, kama anauliza habari ya mvua, mwakani sasa atakuwa anaosha gari la nani. Nikamwambia aoshe ndege.

Hakucheka. Kaenda zake. Sikukusudia neno lifike mbali hivyo. Ila lilikuwa zuri, lazima nikiri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika nikiwa nimesimama. Nikikaa nitalia.

Asubuhi, tupu. Mvua ya manyunyu. Dakta Sorrell alikuwa anatembea mstarini akiongea na viti. Bi. Pruitt akafika, mama mfupi mwenye buti safi, akaketishwa kwenye chumba cha vioo juu. Nikapata kazi ya kumpelekea kahawa, kwa kumwambia mhudumu kwamba anaitwa na mama yake. Bi. Pruitt akaangalia viti, kisha saa, kisha viti. Akauliza kama watu wa Tamarack wanapenda mpira. Nikamwambia subiri, mama. Subiri tu.

Saa nane kasorobo wakaja! Pikapu hadi upeo wa macho! Honi! Pembe za kulungu zikichungulia nyuma kama abiria! Milango ikafunguliwa, wakamiminika wanaume, wanawake, wazee, wote wamelowa, wamefurahi, wananuka moshi wa kuni. Wakajaza upande wa mashariki. Wakajaza wa magharibi. Wakakaa kwenye ngazi. Sijawahi kuuona uwanja ule hivyo. Nikasema moyoni, Arlene, angalia mumeo.

Bi. Pruitt akasimama. Akaweka mkono kifuani. Akasema, “Jamani! Brandt wamekuja na mji mzima!”

Nikamwambia hapana, mama, hawa ni...

Kisha nikatazama.

Chungwa. Kila kona chungwa. Vizibao vya machungwa, kofia za machungwa, kama mtu kamwaga sharubati kutoka mbinguni. Sheria ya jimbo hili: mwindaji lazima avae rangi kali asije akadhaniwa kulungu akapigwa risasi na shemeji yake. Tangu utoto tunaiona. Macho yetu yameshaizoea, ikifika Oktoba hatuioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Na ni nani aliyewaambia wasibadilishe hata kofia? Ni nani aliyeshika watu kola?

Kwa kijani, rangi yetu, nilimwona mhubiri tu.

Nikajaribu kumweleza Bi. Pruitt. Nikasema kulungu. Nikasema sheria. Nikasema pankeki. Akanipigapiga bega akasema anaelewa, si rahisi kufunikwa nyumbani kwako. Laiti wawindaji wenyewe wangesema “Nungu!” wakaeleweka! Nao walisema, tena walipiga kelele, kila Tamarack walipogusa mpira wale watu wa machungwa wakaruka na kushangilia hadi vioo vikatetemeka. Bi. Pruitt macho yakamtoka. Akamnong'oneza msaidizi wake kwamba hajawahi kuona mashabiki waungwana namna hii. Wanawashangilia hadi wapinzani wao!

Na tukashinda. Ndiyo, tulishinda! Mpira uligonga mlingoti, ukafikiri, ukaingia. Uwanja ukalipuka. Bi. Pruitt alikuwa anafuta machozi. Alisema Brandt wamefungwa na bado wanacheza ngoma. Watu gani hawa!

Chini, nyuma ya basi lao moja, Lyle alikuwa amesimama na koti lake jipya, akiwatazama wale maelfu ya machungwa wakimzomea. Hakuelewa kitu. Hata mimi ningemwonea huruma, ingekuwa siku nyingine.

Mshindi wa pembe ni Bernadine. Alikwenda mlimani alfajiri na kumpiga dume la ajabu. Kajishindia pankeki zake mwenyewe, na mimi nikambebea kulungu huyo hadi kwake kwa pikapu yangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Jibu limetoka, redio imelisoma nikiwa kwa Bernadine, watu wamejaa hadi dirishani.

Tamarack hatukuchukuliwa. Ligi ya Pwani wanatushukuru kwa kahawa.

Mtu mmoja akaweka uma chini.

Kisha msomaji akaendelea. Kutokana na jinsi mashabiki wa Brandt walivyosafiri kwa wingi na uungwana usio na mfano, ligi imeamua kuvunja utaratibu wake. Mechi ya Brandt na Tamarack itachezwa kila mwaka kama kawaida. Televisheni inaitaka.

Mkahawa ukapiga yowe hadi birika ikacheza. Watu walikumbatiana, wakakumbuka ni nani wamemkumbatia, wakaachiana. Bernadine akaniwekea pankeki mbele, na siagi. Akasema mpumbavu akitupa mawe gizani, siku moja jiwe litampiga mwizi.

Nikamwambia yote nilikuwa nimeyapanga. Akaiondoa siagi.

Mechi haikufa, basi. Ningepaswa kufurahi. Lakini nani kapata sifa? Brandt! Kwa midomo yetu! Kwa kulungu wetu! Viti vyetu vilijaa mara moja katika uhai wangu, na wakapewa wao! Usingizi hautanijia wiki hii.

Alhamisi, 17 Oktoba

Imezidi. Ligi ya Pwani imewatunuku Brandt kombe la mashabiki waungwana, na aliyekwenda kulipokea ni Lyle! Nimemwona kwenye televisheni. Kasimama na koti lake, nywele kazilainisha kwa maji, akasema kwa niaba ya wale maelfu waliokuja anatoa shukrani, hasa kwa jirani mmoja aliyewahamasisha bila kuchoka. Hakutaja jina. Aliangalia kamera moja kwa moja, akakonyeza jicho.

Anajua! Bernadine kamwambia. Anajua yote na amelichukua kombe!

Basi vita. Nimeshapata dawa, na safari hii haina tundu. Mwakani televisheni watatuwekea mechi siku ile ile ya kulungu, wameipenda. Vizuri! Nimeagiza rangi ya nguo ya kijani, pipa zima. Kila kizibao cha uwindaji mjini nitakitia kwenye pipa kabla ya alfajiri ya msimu. Uwanja utakuwa kijani kitupu kama shamba la Aprili! Bernadine kaniuliza kama nimefikiri kitakachompata mwindaji aliyevaa kijani katikati ya msitu wa kijani, na wenzake maelfu wakiwa na bunduki. Nikamwambia hayo ni mambo madogo, tutayatatua asubuhi ile. Kanitazama kwa muda mrefu. Wivu, nadhani.

Na wewe Lyle. Najua Jumapili utakuja kuchukua chungu chako, na najua utapekua daftari hili nikienda chooni, kurasa zina alama za maharage. Basi soma vizuri, shemeji. Kombe kaa nalo. Skrini kaa nayo. Ila Jumamosi mlifungwa, na pikapu yangu bado ina tope mpaka kwenye vioo na damu ya kulungu wa Bernadine nyuma. Ndoo iko kando ya ngazi. Kofia ya kijani nimeitundika msumarini. Anzia magurudumu, na usije mchana sana, majirani wameshaweka viti.